Paka wa Manyoya Marefu Anayejikuna: Maswali na Majibu

Paka wangu wa manyoya marefu hujikuna kutwa na mgongoni anatoka mba. Ni ngozi kavu tu?

Ni nadra kuwa ukavu peke yake. Hapa Unguja na Pemba hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, kwa hiyo tusianze kuilaumu hewa. Anza na viroboto. Paka mwenye mzio wa mate ya kiroboto huweza kuumwa mara moja mbili akajikuna siku kadhaa. Na kwa kuwa hujilamba kila saa, viroboto wenyewe huwameza. Ukimtazama utaapa kuwa hana hata mmoja.

Mba wa kiunoni kwa paka mnene au mzee una sababu nyingine nyepesi: hafiki hapo kwa ulimi. Mchane wewe kila siku na umpunguze uzito polepole. Usimkatie chakula ghafla, maana paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula huweza kuharibika ini.

Nitajuaje kama ni viroboto?

Tumia chanuo la chawa, lile la meno yaliyobanana. Chana hadi kwenye ngozi, hasa shingoni na pale mkia unapoanzia, halafu kung'uta juu ya pamba nyeupe iliyoloweshwa maji. Subiri kidogo. Punje nyeusi zikiyeyuka na kuacha rangi nyekundu ya kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya paka iliyokwisha kusagwa tumboni mwake. Vumbi la kawaida halitoi rangi hiyo. Pitisha na vidole: vipele vidogo vyenye magamba shingoni na kiunoni huelekeza huko huko.

Nilimtia dawa, baada ya wiki mbili viroboto wamerudi. Niliuziwa dawa mbovu?

Si lazima. Viroboto unaowaona juu ya paka ni sehemu ndogo tu ya waliomo nyumbani. Jike mmoja huweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku, na mayai hayo hayagandi kwenye manyoya. Huanguka popote paka anapolala: kwenye mkeka, chini ya kitanda, kwenye nyufa za sakafu. Mabuu hujificha kizani, penye vumbi na unyevu, kisha hujifunga ndani ya vifukofuko ambavyo dawa haipenyi. Humo huweza kungoja wiki nyingi mpaka wasikie joto au mtikisiko wa kiumbe anayepita. Kwa joto letu, yai huweza kuwa kiroboto kamili kwa wiki tatu hivi.

Kwa hiyo watibu paka wote wa nyumba siku moja, urudie kila mwezi kwa miezi isiyopungua 3. Matandiko yake yafue kwa maji ya moto na kuyaanika juani kila wiki. Mkeka uinue, usifagie kuuzunguka. Takataka zifunge kwenye mfuko uzitoe nje papo hapo.

Dawa ya matone ina kosa moja linalowakuta sana wenye paka wa manyoya marefu: huishia kwenye manyoya, ngozi isipate kitu. Yagawe manyoya kwa vidole nyuma ya shingo, juu kabisa ambapo ulimi haufiki, mpaka uone ngozi, ndipo udondoshe. Usimwogeshe siku mbili kabla na siku mbili baada. Mtoto wa paka aliye chini ya wiki 8 mchane tu, dawa asitiwe mpaka aonwe na daktari wa mifugo.

Nimpake mafuta ya nazi? Na ya karafuu je?

Kila unachompaka paka atakilamba. Mafuta ya nazi kidogo hayatamuua, lakini hayatibu kiroboto wala choa, hushika vumbi, na akiyalamba mengi ataharisha.

Mafuta ya karafuu usiyaguse kabisa. Ini la paka ni dhaifu mno katika kuvunja kemikali za aina ya fenoli, na yujenoli iliyomo kwenye karafuu ni mojawapo. Sababu ni hiyo hiyo kwa dawa za kuua vijidudu ambazo hugeuza maji kuwa meupe. Paracetamol nayo usimpe hata kipande. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua.

Hatari kubwa zaidi ni dawa ya mbwa au ya ng'ombe. Soma kiambato: ikiwa ni permethrini au amitrazi, si ya paka. Akishapakwa permethrini huanza kutoka mate, kutetemeka, kisha degedege. Ukigundua mapema mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mkaushe, umkimbize kwa daktari pamoja na pakiti ya dawa. Usingoje dalili.

Nimwogeshe mara ngapi?

Paka mzima hahitaji kuogeshwa kwa ratiba. Sabuni ya kufulia na ya watu humkausha ngozi. Ikibidi, tumia shampuu ya paka na maji yasiyo ya chumvi. Visima vingi vya pwani havifai kusuuzia. Kausha mpaka chini ya manyoya, hasa wakati wa masika, kwani unyevu ukibaki kwenye vifundo ngozi huchubuka.

Vifundo usivikate kwa mkasi. Ngozi ya paka ni nyembamba, huvutika pamoja na kifundo ukaipasua. Nyunyiza unga wa konfulawa, shika manyoya karibu na ngozi ili asiumie, ufumue kuanzia nchani.

Anakula wali na samaki tu. Inahusiana?

Ndiyo. Paka huhitaji taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama, na mafuta ya mnyama, ambavyo wali hauna. Jodari peke yake kila siku humpunguzia vitamini E, mafuta ya mwilini yakavimba na kuuma, akawa hataki kushikwa. Samaki wabichi wa aina kadhaa huharibu vitamini B1, basi wachemshe. Changanya kuku, maini kidogo, yai lililoiva, au chakula maalumu cha paka. Mchuzi wenye vitunguu maji au thomu asipewe. Huvunja chembe zake za damu.

Ana vipara vya duara, na mtoto wangu ametoka mashilingi mkononi.

Huenda ni choa, na huambukiza. Mtoto apelekwe hospitali, paka kwa daktari wa mifugo. Tiba yake huchukua wiki 6 au zaidi. Paka wa manyoya marefu huweza kubeba choa bila kuonesha kipara, hivyo wote wachunguzwe. Krimu mchanganyiko za dukani zenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, msitumie, hukificha choa kikaendelea kuenea. Sakafuni, fagia manyoya kwanza, osha kwa sabuni, ndipo upitishe maji yenye dawa ya klorini, paka akiwa nje mpaka sakafu ikauke.

Lini nisingoje?

Akiwa na usaha, akigoma kula siku nzima, au mtoto wa paka mwenye viroboto akawa na ufizi mweupe. Huyo wa mwisho amenyonywa damu. Mpeleke siku hiyo hiyo.