Rambo si Kiingereza cha mfuko

Nimesahihisha tena tafsiri ambamo mama anatoka sokoni na dagaa, na neno "rambo", yaani mfuko wa plastiki, limevushwa kwenda Kiingereza kama lilivyo. Nikauliza kulikoni. "Mwalimu, si ni Kiingereza hicho?" Hapana! Mwambie Mwingereza neno hilo, ataona askari kifua wazi na bunduki. Maana ya mfuko tumeitia sisi, Tanzania.

Filamu za Rambo, zilizochezwa na Sylvester Stallone, zilianza 1982. Sura yake ikachapwa kwenye mifuko ya plastiki, watu wakauita mfuko kwa picha yake. Mfuko wa malboro nao ulibatizwa hivyohivyo, kwa jina la sigara. Habari ya kwamba uliitwa rambo kwa uimara wake naomba tuiache. Ile myembamba hupasuka kwa viazi vya kilo mbili.

Jina lenyewe David Morrell, mwandishi wa riwaya iliyozaa filamu hizo, alilitoa kwenye aina ya tufaha ambalo mkewe alilileta nyumbani. Tufaha hilo nalo linabeba jina la ukoo wa Peter Gunnarsson Rambo, mlowezi wa Kiswidi aliyefika Amerika 1640.

Ila ushahidi ninaoupenda uko kwenye sarufi. Mwanzoni ni "mfuko wa Rambo umepasuka": mfuko ndio unaotawala sentensi. Kisha mfuko unadondoshwa: "rambo imepasuka", "rambo zimejaa mtaroni". Wengine husema "marambo yamejaa". Ukiwa mdogo ni kirambo, na hakuna anayesikia "virambo" akawaza askari wafupi. Jina la mtu likishakubali viambishi namna hiyo limeshakuwa neno letu, ndiyo maana naliandika kwa herufi ndogo. Kwenye wingi bado nasita: sikio langu linataka "rambo hizi", kalamu inaandika "marambo haya", na nimewahi kuyaacha yote mawili kwenye ukurasa mmoja.

Halafu kuna wanaonikosoa kwamba rambo ni la mtaani, niandike "mfuko wa nailoni". Nailoni ni plastiki ya aina nyingine kabisa! Mifuko ile ni ya polithini. Kama kosa ni kuita kitu kwa jina lisilo lake, nailoni ina kosa hilohilo, ila imezoeleka zaidi.

Tanzania Bara iliipiga marufuku mifuko hiyo tarehe 1 Juni 2019. Juzi muuza nyanya, mkononi ana mfuko mbadala usio na picha yoyote, ameniuliza: "Mwalimu, nikutilie kwenye rambo?"