Mtoto ametoka kuwekewa mrija wa kichwani, mbona anahema haraka?

Mimi ni daktari wa usingizi hapa Dodoma. Mtoto mwenye kichwa kikubwa akishawekewa mrija wa kupunguza maji, macho yote huenda kichwani: utosi umetulia? Kidonda kikoje? Leo naomba tuangalie kifua.

Mrija huo huanzia kwenye vyumba vya maji ndani ya ubongo, ukapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni, juu ya mtulinga na kifuani hadi tumboni, ambako maji hufyonzwa na mwili. Kuupitisha, mpasuaji hutumia chuma kirefu mfano wa shazia la kushonea magunia ya mahindi pale Kibaigwa. Ncha inatakiwa itembee kati ya ngozi na mbavu. Hatari ipo penye mtulinga: ikizama kidogo tu, inaweza kupenya katikati ya mbavu na kutoboa utando wa pafu. Kichanga hana nyama ya kumkinga pale. Ndiyo maana tunamwekea taulo iliyokunjwa chini ya mabega, shingo na kifua vilingane, na mpasuaji anaifuata ncha kwa vidole mpaka ivuke.

Utando ukitoboka, hewa huingia kati ya pafu na ukuta wa kifua, pafu likasinyaa. Hutokea kwa nadra. Lakini pafu lenyewe likiwa limetoboka na mtoto yuko kwenye mashine ya kupumulia, kila pumzi huongeza hewa hiyo. Oksijeni inashuka, upande mmoja wa kifua hauinuki, ukisikiliza ni kimya. Wakati mwingine ukibonyeza ngozi ya shingo inachakarika chini ya kidole. Presha ikianza kuanguka sisubiri eksirei. Hewa natoa kwa sindano pale pale, ndipo bomba la kifuani lifuate.

Ninaowahofia zaidi ni wale wanaobadilika wakiwa wodini. Mtoto wa miezi 2 hadi 12 anayehema mara 50 au zaidi kwa dakika, akiwa ametulia, anahema haraka. Tusikimbilie kusema ni maumivu au dawa ya usingizi. Avuliwe nguo, asikilizwe pande zote mbili. Na eksirei ikipigwa amelala chali, hewa hukaa mbele na inaweza isionekane vizuri, kwa hiyo anayeisoma aambiwe tunashuku nini.

Hewa ikiwa kidogo na mtoto hana shida, hupewa oksijeni na kuangaliwa kwa karibu, pafu likajaa lenyewe. Akiwekewa bomba, kina mama, chupa yenye maji iliyounganishwa nalo ikae chini ya usawa wa kifua muda wote, hata mnapomhamisha kitanda au kwenda eksirei; ikiinuliwa, maji yanaweza kurudi kifuani. Mapovu kwenye chupa ni hewa inayotoka. Msilikunje bomba ili yaishe! Likichomoka, mwiteni nesi hapo hapo. Na daktari akisharuhusu anyonye, mpeni ziwa bila woga. Bomba si kizuizi.