Pawabenki haiendi kwenye begi kubwa

Wasafiri wengi hudhani kwamba, kwa kuwa pawabenki inaweza kushika moto, mahali salama pa kuiweka ni begi kubwa linaloingia tumboni mwa ndege, mbali na watu. Ni kinyume kabisa. Betri ya lithiamu iliyo ndani yake ikianza kufuka moshi karibu na kiti chako, wahudumu wataiona na kuimwagia maji. Ikiwaka huko chini hakuna wa kuiwahi, na gesi ya kuzimia moto iliyopo huko haiwezi kuipoza betri. Mwaka 2010 ndege ya mizigo ilianguka Dubai baada ya shehena yenye betri za lithiamu kuwaka.

Basi ibebe mkononi. Kikomo cha kawaida ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri). Ikiwa imeandikwa mAh (miliampea-saa) tu, zidisha kwa 3.7 kisha gawanya kwa 1,000: ya mAh 20,000 ni Wh 74, inapita. Ikizidi Wh 100 hadi 160 utahitaji idhini ya shirika la ndege. Na zile za bei chee zilizofutika maandishi? Mimi huziacha nyumbani, maana mkaguzi asiposoma kitu anaweza kukunyang'anya. Kuchaji simu kwa pawabenki angani nako ni jambo jingine: shirika la ndege la Emirates walipiga marufuku tangu Oktoba 2025.