Vinundu kwenye mizizi ya choroko si ugonjwa

Huku Misungwi na Magu bado nasikia watu wakiambiana: "Choroko zako zina vijipu mizizini, zing'oe uzichome." Jamani, msichome! Ng'oa mche mmoja taratibu, bandua kinundu, kipasue kwa ukucha. Ukiona wekundu kama maji ya damu, bakteria wa rizobia wako kazini: wanachukua naitrojeni, ambayo ni asilimia 78 ya hewa, wanailisha choroko, nayo inawapa sukari. Uvimbe wa minyoo fundo, ambao kweli ni ugonjwa, haubanduki; ni mzizi wenyewe umevimba. Ukishavuna, acha mizizi na majani shambani. Ukiyachoma, naitrojeni nyingi inarudi hewani na mahindi ya msimu ujao hayaipati.