Mama Anayevuta Sigara Asinyonyeshe? Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Mama anayevuta sigara amwachishe mtoto ziwa.

Hapana. Dhana hii inaniuma kuliko zote, maana huenezwa kwa nia njema. Mama huambiwa maziwa yake ni sumu, anaona haya, ananunua maziwa ya kopo, na sigara anaendelea nayo. Mtoto amekosa kinga ya maziwa ya mama, moshi amebaki nao. Moshi huongeza hatari ya maradhi ya kifua na masikio, na ya kifo cha ghafla usingizini; kunyonya hupunguza hatari hizohizo. Kwa hiyo mama anayevuta aendelee kunyonyesha huku akitafuta msaada wa kuacha sigara.

Dhana: Nikotini haifiki kwenye maziwa.

Nikotini, kemikali ya tumbaku inayomfanya mtu ashindwe kuacha, inafika, tena kiwango chake kwenye maziwa huweza kuwa mara mbili au tatu ya kile cha damu. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2007 uliwafuatilia watoto kwa saa tatu na nusu, siku mama alipovuta na siku alipojizuia. Alipojizuia walilala wastani wa dakika 84. Alipovuta, dakika 53. Mama anayeamshwa kila mara huenda akadhani ni njaa au chango, kumbe ni sigara ya muda mfupi uliopita.

Dhana: Nikikamua na kumwaga, maziwa yatakuwa safi.

Nikotini ya maziwa hupanda na kushuka pamoja na ya damu. Huchukua kama dakika 95 kupungua nusu, ukamue usikamue. Ukimwaga, umemwaga chakula cha mtoto bure. Kama bado hujaweza kuacha, nyonyesha kwanza ndipo uvute, kisha muda mrefu kadiri inavyowezekana upite kabla ya kunyonyesha tena. Mtoto akilia njaa kabla ya hapo, mpe ziwa.

Dhana: Ukila vizuri, sigara haigusi maziwa.

Nikotini hushusha prolaktini, homoni inayochochea utengenezaji wa maziwa, na wavutaji wengi huacha kunyonyesha mapema. Kuna jingine lisilosemwa sana: kemikali zitokanazo na moshi huzuia madini joto kuingia kwenye maziwa. Huko Denmark, maziwa ya wavutaji yalikutwa na takriban nusu tu ya madini hayo, ambayo ubongo wa mtoto unayahitaji ili ukue.

Dhana: Navuta nje, kwa hiyo mtoto yuko salama.

Kuvuta nje kunasaidia, ila hakutoshi. Mtazame mtoto anaponyonya: pua imezama kwenye blauzi, vidole vimeshika kola, mara kola iko mdomoni. Masalia ya moshi yako hapohapo. Vaa koti maalumu unapovuta sigara na ulivue mlangoni, nawa mikono na uso, badili blauzi. Baba naye afanye vivyo hivyo. Na mvutaji asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga, hata kama havutii chumbani.

Dhana: Shisha, ugoro na sigara za kielektroniki hazina neno.

Ugoro na shisha ya tumbaku vina nikotini, na sigara nyingi za kielektroniki pia. Nikotini hiyo nayo huingia kwenye maziwa.

Dhana: Anayenyonyesha haruhusiwi kutumia dawa za kuachia sigara.

Vibandiko na chingamu za nikotini kwa kawaida huruhusiwa, kwa kuwa havimpi mtoto moshi. Chingamu itafunwe baada ya kunyonyesha, na mhudumu wa afya ndiye akuchagulie kiwango cha kibandiko. Mweleze wazi unavuta ngapi kwa siku.