Mpira shingoni na homa ya kutetemeka: kwa nini tunaupiga moyo eko

Huku Kanda ya Ziwa mtu akitetemeka, neno la kwanza ni malaria. Sina ugomvi na hilo, mbu tunao. Ila mgonjwa wa dayalisisi (anayesafishwa damu kwa mashine) mwenye mpira shingoni, yaani bomba laini la kupitishia damu hiyo, anayeanza kutetemeka muda mfupi baada ya kuunganishwa na mashine, mimi nashuku mpira. Malaria apimwe, lakini tusiishie hapo.

Mpira huo hupitia mshipa mkubwa wa shingo na kushuka hadi karibu na moyo, mara nyingi ncha ikikaa ndani ya chumba cha juu cha kulia. Damu huganda kirahisi kwenye kitu kigeni. Donge likishashika, bakteria hupata makazi, na wanaweza kuhamia kwenye vali, milango ya moyo.

Eko ni ultrasaundi ya moyo, haina mionzi. Unalala ubavu wa kushoto, unapakwa jeli (ya baridi, wengi hushtuka), kisha kifaa kinapitishwa kifuani. Kwenye skrini mpira huonekana kama mistari miwili myeupe iliyo sambamba. Na donge? Tazama gugu maji lililonasa kwenye kamba ya mtumbwi pale Kirumba, Mwanza, ziwani: mzizi umeshika, majani yanacheza na kila wimbi. Ndivyo donge linavyocheza kila moyo unapopiga. Likikatika, linakwenda kwenye mapafu.

Tunatazama pia kama kuna maji au damu kwenye mfuko wa moyo. Mpira kutoboa ukuta wa moyo ni nadra, lakini ukitoboa hausubiri kesho.

Eko ya kifuani ina mipaka yake. Uoto mdogo (kijidonge chenye bakteria) kwenye vali unaweza kuikwepa, ndipo tunaomba eko ya kumeza, inayotazama moyo kutokea kwenye umio. Na picha ikiwa safi haimaanishi damu ni safi. Damu ichukuliwe ikaoteshwe maabara kuona kama ina bakteria, na ni vizuri ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibaiotiki. Vidonge vya duka la dawa huwafunika wadudu bila kuwamaliza.

Kwa hiyo ukiwa kisiwani Ukerewe, kutetemeka kumekuanza usiku na meli haipo, nenda hospitali ya hapo hapo. Waambie una mpira na uliwekwa lini, wapigie kitengo chako cha dayalisisi. Dripu ya kawaida wasiipitishe kwenye mpira huo bila kuelewana na kitengo.