Mnyama kwenye nyumba ya kupanga: andikeni siku anapoingia

Kazi yangu ni kusimamia nyumba za kupangisha Dar es Salaam, na ugomvi kuhusu wanyama ni kati ya ugomvi unaochelewa kusemwa. Mpangaji anashusha mizigo, mwenye nyumba anamwona paka kwenye kikapu, na wote wawili wananyamaza. Mmoja keshapokea kodi ya miezi sita, mwingine keshamlipa dalali kodi ya mwezi mzima. Hakuna anayetaka kuharibu siku. Maneno yanakuja mwezi wa nne wa kukaa, jirani akishalalamika, na hapo kila upande unakumbuka makubaliano yake.

Anza na mkataba. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, upangaji wa mwaka mmoja au chini yake unaweza kufanywa kwa mdomo. Kwa hiyo "nilimwambia sitaki mbwa" yanaweza kuwa masharti halali, ila shughuli ni kuyathibitisha. Kama mkataba upo na haukutaja wanyama, mwenye nyumba asiseme mpangaji amevunja katazo ambalo halimo. Adai kile kilichomo: uharibifu, kelele, uchafu, kero kwa wapangaji wengine. Na kama katazo limo, mpangaji asijitetee kwamba paka wake ni mpole. Aliweka saini.

Kifungu kizuri ni kifupi na kinataja mnyama mwenyewe. "Wanyama hawaruhusiwi bila ridhaa" ni mwanzo tu. Ongeza ridhaa inatolewa vipi. Ninachopendekeza ni karatasi moja ya nyongeza: aina ya mnyama, idadi, rangi, tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa, atalala wapi, nani anasafisha kinyesi, na kitatokea nini akizaa. Hilo la mwisho husahaulika sana. Ruhusa ya paka mmoja jike asiyefungwa uzazi inaweza kuwa paka watano ndani ya miezi michache. Wote wawili wasaini, kila mmoja abaki na nakala. Mkataba wenyewe ulipiwe ushuru wa stempu (kodi ya serikali kwenye nyaraka), kwa sababu usiolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu vilipwe.

Sasa amana, yaani pesa ya dhamana anayoiacha mpangaji kwa mwenye nyumba, maana hapa ndipo pesa inapogombaniwa. Amana hukatwa kwa uharibifu unaoonekana. Kuwapo kwa mnyama peke yake si uharibifu. Siku ya kuingia pigeni picha nyavu za madirisha, milango kwa chini, pembe za kuta na sakafu, zikiwa na tarehe. Nyavu ndizo zinazoumia kwanza. Paka hupanda wavu kwa kucha, nyuzi zinavutika, tundu dogo linatokea karibu na fremu, na baada ya wiki kadhaa anapenyeza kichwa. Usisubiri kuhama; pima dirisha, nunua wavu kwa mita, fundi abadilishe kipande hicho. Mwenye nyumba naye asikate gharama ya nyavu za nyumba nzima kwa dirisha moja lililochanika, wala asidai bei ya wavu mpya kwa wavu uliokuwa umeoza na chumvi ya bahari kabla mpangaji hajaingia.

Mkojo wa paka ni kesi ngumu zaidi. Kwenye vigae vizima unafutika, lakini kwenye saruji tupu au kwenye maungio ya vigae unazama, na chembe za asidi ya yuriki zinabaki humo. Nyumba inakauka, harufu inapotea, mpangaji anaondoka kwa amani. Mvua za masika zikija unyevu unaziamsha chembe hizo na chumba kinanuka upya. Usimwagie dawa ya kuondoa madoa yenye klorini: ikikutana na amonia ya mkojo hutoa hewa yenye sumu. Osha kwa maji mengi, kausha, kisha tumia dawa yenye vimeng'enya (enzymes) na uiache ilowe muda ulioandikwa kwenye chupa. Ikishindikana, sehemu hiyo ikwanguliwe na kuzibwa upya kabla ya rangi. Kupaka rangi juu ya harufu ni kuitupa pesa.

Viroboto pia hubaki. Mapupa yao, yaani viroboto wachanga walio ndani ya vifuko, hukaa kwenye nyufa kwa wiki nyingi ndani ya nyumba tupu na kutoka mtu anapoanza kutembea, hivyo mpangaji mpya anaumwa na viroboto wa mwenzake. Dawa ipigwe kabla hajaingia, na irudiwe.

Mkishindwa kuelewana, mwenye nyumba aandike notisi inayotaja kosa, tarehe, na muda wa kulirekebisha. Asibadilishe kitasa, asifunge maji, asizuie umeme. Mpangaji ana haki ya kukaa kwa utulivu muda wote wa mkataba. Kumwekea mnyama sumu ni ukatili unaokatazwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na mimi siwezi kumtetea anayefanya hivyo, hata kama mbwa alibweka usiku kucha. Mpangaji naye asihame na kumwacha paka uani.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa husaidia sana kuwakalisha. Asipofaulu, shauri huenda Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Likishindwa, linathibitisha hivyo na mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya; siku 30 zikipita bila suluhu, mnaweza kwenda hata bila uthibitisho huo. Nendeni na picha, risiti na ile karatasi ya nyongeza.

Mara nyingi, kuachana kwa hesabu ni nafuu kwa wote. Chukua kodi ya shilingi 300,000 kwa mwezi iliyolipwa miezi sita, yaani 1,800,000. Mkikubaliana mpangaji aondoke baada ya miwili, zinabaki 1,200,000. Toa gharama ya matengenezo yenye risiti kutoka kwenye amana kwanza, rudisha salio pamoja na kodi iliyobaki, andikeni kwamba hakuna anayemdai mwenzake, na mita ya umeme isomwe mbele ya wote wawili kabla funguo hazijakabidhiwa.